Kwa Nini Sikuja Jumapili

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, tena nyingi, na kabla sijaenda popote nataka kujua kifua kinasemaje. Je, siku hizi unaweza kulala chali, au bado unaegemea mito mitatu? Ile dawa ya kuvuta bado ipo, au umeanza kuibania kama kawaida yako, unavuta mara moja pale ulipoambiwa uvute mara mbili? Na yule jirani yako mshona viatu, bado anakuletea maji na kuyaacha mlangoni? Mwambie namshukuru sana, na mwambie aendelee kuyaacha hapohapo mlangoni, asiingie ndani hata ukimkaribisha. Ukifika mwisho wa barua hii utaelewa kwa nini nasema hivyo.

Mimi sijambo, ingawa hilo “sijambo” lina maelezo yake, na maelezo yenyewe ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Najua Jumapili ulinisubiri. Nakujua, ulifagia ua mara mbili, ukapika chakula cha watu wanne, halafu ukakaa kwenye kile kiti cha karibu na dirisha ukijifanya unashona. Ndipo yule dada wa mapokezi wa hapa hotelini akakupigia kukwambia kwamba zamu yangu imeongezwa na kwamba nakusalimu. Salamu zilikuwa zangu kweli. Zamu haikuongezwa. Nilimwomba aseme hivyo kwa sababu sikuweza kukupigia mwenyewe. Wewe ndiye uliyenilea tangu mama alipotutoka; nikipumua vibaya tu unajua nimelala saa ngapi na nimekula nini. Sauti yangu ingenichongea kabla hatujamaliza kuamkiana, ungeanza kulia, na ukilia kifua kinabana. Kwa hiyo nimeona niandike. Tafadhali soma ukiwa umekaa, na usiruke mistari kama unavyofanya na magazeti.

Acha nianzie nyuma kidogo, maana kwenye simu sijawahi kukueleza vizuri maisha ya hapa. Ulikuwa ukiniuliza kazi inaendeleaje, nami nikikujibu inaendelea, tukaishia hapo.

Tangu hoteli yetu ilipogeuzwa kuwa ya karantini, kila msafiri anayeshuka kwenye ndege analetwa hapa na kufungiwa chumbani mpaka vipimo viseme hana kitu. Sisi wafanyakazi tuliokubali kubaki tulikubali pia kutotoka. Nimekuwa nikilala kwenye kilichokuwa chumba cha mashuka, chini kabisa, ukuta mmoja na mashine za kufulia. Rafu bado zimejaa foronya, na kitanda changu kimebanwa katikati yake, hivi kwamba nikigeuka usingizini taulo zinaniangukia. Wakati wa kula kila mtu ana meza yake, na meza zote zimegeuzwa zitazame ukuta, kama wanafunzi watukutu waliopewa adhabu. Mpishi huweka sahani, anarudi nyuma, ndipo unakwenda kuichukua. Ukitaka kumsalimia mwenzako unampa kiwiko, naye anakupa chake, viwiko vyenyewe vimefunikwa na nguo ya plastiki. Ndiyo salamu yote hiyo.

Lifti yetu inasema, sijui kama nilikwambia. Ukifika inatangaza kwa sauti ya mwanamke mpole kwamba hii ni ghorofa ya nne na mlango unafunguka. Dada, nilifika mahali nikawa namjibu. Namwambia asante. Siku moja mpishi alinifumania nikimwambia mwanamke wa lifti kwamba leo kuna baridi. Nilidhani atanicheka mpaka kesho. Aliniomba tu nisimwambie mtu, kwa sababu na yeye huwa anamuaga kila anapotoka.

Kazi yangu ilikuwa ghorofa ya nne. Naweka sinia kwenye kistuli nje ya mlango, nabisha hodi, narudi mpaka kwenye ngazi, ndipo mgeni anafungua, anachukua, anafunga. Wageni wengi niliwajua kwa mikono tu. Mkono unatoka, unashika sinia, unarudi ndani. Ningekutana nao barabarani nisingemtambua hata mmoja.

Isipokuwa chumba cha mwisho, karibu na dirisha la korido. Hapo alikuwa mama mmoja wa makamo ya juu, mjane, aliyekuwa akirudi kutoka kumtembelea binti yake aliyeolewa ng'ambo. Miaka yake yote ya kazi alikuwa opereta wa simu, enzi zile za kuunganisha watu kwa waya. Alikaa mbele ya ubao wenye matundu, visikilizi masikioni, akiwaunganisha watu ambao hakuwahi kuwaona, na wote aliwajua kwa sauti. Sisi tulimwita Mama Opereta, naye alilipenda hilo jina. Siku ya pili tu alisema nyuma ya mlango wake uliofungwa kwamba mhudumu wa leo hakulala vizuri. Nilikuwa nimesema neno moja tu, “hodi”.

Basi ikawa desturi yetu. Nikishamaliza vyumba vyote narudi, nasimama mbali na mlango wake karibu na dirisha, yeye anavuta kiti nyuma ya mlango, tunaongea. Alikuwa na maneno huyo mama. Alisema wanaume hudanganya kwa sauti nene, wanawake kwa sauti nyembamba, na wakwe hudanganya kwa kukohoa. Alisema aliwahi kusikia mtu akiposa kwa simu, laini ikakatika kabla mwanamke hajajibu, na ilimchukua asubuhi nzima kuwaunganisha tena. Mwanamke akasema hapana. Kila tulipomaliza hakuniaga kama watu wengine. Alisema, “Nakata sasa.” Nami nilishuka ngazi nikicheka peke yangu, sichukui hata lifti.

Nilimwambia habari zako pia. Aliuliza jina nililokuwa nakuita utotoni, nikamwambia. Usinikasirikie.

Sasa sikiliza. Mkabala na Mama Opereta alikuja kuwekwa mfanyabiashara wa matairi, mtu mcheshi, anayepiga simu kwa sauti kubwa mpaka ghorofa nzima inajua bei ya tairi za lori. Baada ya muda mfupi simu zikapungua, kikohozi kikaanza, wakapima, wakamchukua kumpeleka hospitali. Hilo halikutushtua, tulishazoea. Kilichotushtua ni kwamba siku tatu baadaye Mama Opereta naye alipimwa akakutwa na kirusi. Mtu ambaye hajatoka chumbani. Mtu ambaye hakuna aliyeingia chumbani kwake. Yeye mwenyewe alicheka aliposikia, akauliza kama siku hizi ugonjwa unaletwa kwa simu. Kwa kuwa hakuwa na dalili kali, waliamua abaki chumbani mwake.

Daktari wa zamu alikagua picha za kamera ya korido, kisha akatuita uani, tukasimama mbalimbali kama nguzo za uzio. Alituambia alichokiona. Mlango wa muuza matairi ulifunguka, akachukua sinia lake, akakohoa, akafunga. Kitambo kidogo baadaye, baada ya kungoja muda uleule uliowekwa na taratibu, mlango wa pili ukafunguka, mama akachukua lake, akafunga. Hawakuonana. Yule aliacha hewa yake koridoni, huyu akaivuta. Basi.

Mmoja wetu aliuliza inawezekanaje, maana miezi yote hiyo tumefungua milango vilevile na hakuna kilichotokea. Daktari alisema kirusi kile tulichokizoea si hiki. Kirusi kinapojinakili ndani ya watu hukosea hapa na pale. Makosa mengi ni bure, lakini mara moja moja kosa moja hukipa mshiko mzuri zaidi kwenye koo la mtu, na hicho ndicho kinachowashinda ndugu zake na kuenea. Cha kwanza, alisema, mgonjwa mmoja aliwapa watu wawili au watatu. Hiki cha sasa mgonjwa mmoja anaweza kujaza nyumba nzima kabla yeye mwenyewe hajajua kama anaumwa. Nikamuuliza kuhusu mtu mwenye mapafu dhaifu, aliyewahi kuugua kifua kikuu zamani akapona, na foleni ya chanjo haijamfikia. Aliuliza kama huyo mtu naishi naye. Nikasema nakaribia kwenda kukaa naye. Akasema basi niende nikiwa safi, au nisiende kabisa.

Sisi wafanyakazi hatukutaka kukiita kwa herufi zake za kitaalamu. Tulikipa jina: Bila Hodi. Katika nyumba ambayo kazi yake yote ni kubisha hodi, tuliona jina hilo linakifaa. Taratibu zikabadilika siku ileile. Madirisha ya korido yakaachwa wazi mchana kutwa, milango ikawa inafunguliwa mmoja mmoja kwa kupokezana, barakoa zikawa mbili. Kuongea na wageni kukapigwa marufuku kabisa. Mama Opereta nilimwekea sinia, nikagonga, nikaondoka. Nilimsikia akiuliza, “Nani yuko hewani?” Sikujibu, Dada.

Ijumaa nilipimwa kwa ajili ya likizo yangu, nikakutwa safi. Unajua furaha hiyo? Nilifunga begi, nikalifungua, nikalifunga tena. Jumapili asubuhi gari la kazini lingenishusha kwako.

Jumamosi mchana hali ya Mama Opereta ikabadilika. Muuguzi alikuwa mmoja kwa ghorofa tatu. Alipanda, akamwekea mtungi wa oksijeni, akamkalisha vizuri kwenye mito, akaita gari la wagonjwa, akaambiwa magari yote yako njiani na lake litafika litakapofika. Kisha akateremka mbio kwa sababu ghorofa ya pili kulikuwa na mwingine. Akiwa ngazini aliniambia kila kinachotakiwa kimeshafanyika, na kwamba nisiingie. Nataka ulikumbuke hilo.

Nilisimama koridoni na sinia ambalo hakuna aliyelihitaji. Mlango muuguzi alikuwa ameuacha wazi kidogo kwa ajili ya hewa. Nilimsikia mama akisema kitu ndani ya ile barakoa ya oksijeni, nikasogea, nikasikia vizuri. Alikuwa akisema, “Usikate. Usikate laini.” Sijui alikuwa anamwambia nani. Labda binti yake, labda mtu wa zamani sana. Nikamwambia nikiwa nje, mama, nipo, sijakata. Akanyamaza. Halafu akaanza tena.

Nikaingia.

Nilivaa kila kitu, usidhani nilikwenda kama mlevi. Nilivaa gauni la plastiki, barakoa mbili, miwani, glavu. Dirisha lilikuwa wazi. Nikavuta kiti chake kile cha nyuma ya mlango nikakiweka kando ya kitanda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona. Nilikuwa nimejenga kichwani mwanamke mnene mwenye mashavu, kumbe ni mwembamba kuliko wewe, nywele kazikata fupi kabisa, na kwenye shingo ana alama nyeusi ya kuzaliwa. Nilikaa naye mchana wote ule mpaka walipokuja kumbeba. Nilimsimulia vitu vya kipuuzi: jinsi ulivyonifukuza uani na mwiko, jinsi lifti yetu inavyoringa. Mara nyingine alifumbua macho. Mara nyingine nilihesabu pumzi zake ili nisiogope.

Walipomchukua niliteremka kwa ngazi ya nyuma, nikasimama mbali na mlango wa daktari, nikamwambia nimeingia na nimekaa. Hakunifokea. Aliniambia nimefanya jambo la utu, kisha akasema kesho siendi popote.

Kwa hiyo, dada yangu, barua hii siiandiki kwenye chumba cha mashuka. Naandika nikiwa ghorofa ya nne, chumba cha tatu kutoka kwenye ngazi, upande wa ndani wa mlango. Jumanne homa ilipanda. Jumatano kipimo kikasema ni chenyewe, Bila Hodi. Siku mbili tatu zilikuwa mbaya, sitakuficha. Mifupa iliuma kama ya mtu aliyepakua mawe, na nilikuwa nikikohoa mpaka jirani anagonga ukuta. Chanjo yangu imenisaidia, daktari anasema, kwani hewa haikuniishia hata mara moja. Sasa homa imeshuka. Kimebaki kikohozi kikavu, na pua ambayo haisikii kitu. Jana niliinusa sabuni, nikaona nanusa jiwe. Chakula analeta mwenzangu. Anabisha, anaondoka, mimi natoa mkono.

Na Mama Opereta yu hai. Nimeliacha hili mpaka hapa kwa sababu ndilo linalonileta kwenye kile ninachotaka kukwambia hasa. Juzi simu ya chumbani kwangu ililia, nikaipokea, nikasikia, “Chumba cha tatu, una simu kutoka mbali.” Ni yeye, anapiga kutoka hospitali, sauti nyembamba kama uzi lakini mcheshi vilevile. Aliambiwa nami nimeugua, akauliza nilikipata wapi. Nikasema kazini. Akanipa pole, akanisimulia aliyopitia. Alisema mengi hayakumbuki, ila anamkumbuka yule muuguzi aliyekaa naye mchana mzima akimshika mkono, mkono mwembamba wenye joto, na kwamba bila ule mkono angejiachia. Ameomba atafutwe ashukuriwe.

Sikumsahihisha. Nilimwambia muuguzi wetu ni mtu mwema kweli, na hilo si uongo. Aliposema anakata, nilikaa na kile kipokezi sikioni mpaka kikaanza kupiga kelele.

Hapa hotelini meneja amebandika tangazo kwenye ubao la kunisifu. Mpishi ananiongezea yai. Hata daktari, akipita mlangoni, ananiita shujaa. Wote wanaamini nilimfanyia yule mama jambo, na wewe pia ukisoma hapa utaamini hivyo, utawasimulia majirani. Ndiyo maana lazima nikwambie lililobaki, na nakuambia wewe peke yako.

Amesema mkono wenye joto. Glavu haina joto, Dada. Niliivua.

Haikuchanika, wala hakuniomba niivue, na muuguzi alishasema kila kinachotakiwa kimefanyika. Nilikuwa nimemshika kwa glavu, na hiyo ilimtosha. Alishatulia, hakuwa akisema tena nisikate. Aliyekuwa hajatulia ni mimi. Nilikaa pale nikafikiri kwamba tangu niingie jengo hili hakuna ngozi ya mtu iliyogusa ngozi yangu, hata kwa bahati mbaya, hata kwa kupeana chenji. Nikawaza wewe, nikawaza Jumapili, nikajua kabisa ninachokiweka rehani. Daktari alishatuambia hatari kubwa iko kwenye pumzi, si kwenye mkono, na labda nilikwishakivuta nilipoingia tu. Lakini sikuivua kwa hesabu hiyo. Niliivua kwa sababu nilishindwa kungoja. Ulikuwa umebaki usiku mmoja niwe kwako, na nilishindwa kungoja usiku mmoja. Nilimshika mkono mama wa watu na nikalia ndani ya barakoa mpaka miwani ikafunga ukungu, na ilikuwa saa njema kuliko zote nilizowahi kuwa nazo humu.

Kwa hiyo siyo kwamba nilimchagua mgeni nikakuacha wewe. Wala si kwamba nina moyo mkubwa. Nilikuwa na njaa, nikala mbele ya mlango wako badala ya kuingia. Kama kuna neno la kunikemea, liandike, nitalisoma lote. Ila usiniite shujaa, maana hilo litaniweka mbali na wewe kuliko huu ugonjwa.

Daktari amesema nikipimwa tena na kukutwa safi ninaweza kusafiri. Mimi nimemwambia nitaongeza siku zangu mwenyewe juu ya zake, kwa ajili ya kifua chako. Na wewe, nakuomba, foleni ya chanjo ikifika mtaani kwenu usimpishe mtu. Barua hii mpishi ataiacha dirishani kwanza kabla ya kuipeleka posta. Karatasi haina neno, nimeambiwa, lakini nimeona bora iote jua.

Nisalimie mshona viatu. Nisalimie na yule mama wa duka la kona anayekukopesha maneno zaidi ya sukari. Vuta dawa mara mbili, funga dirisha la chumbani jioni, mchana liache wazi.

Nitakapokuja nitasimama nje ya lango, sitaingia mpaka wewe useme. Ukitaka nisimame hapo mpaka jioni, nitasimama. Ukinirudisha, nitarudi na nitakuja tena. Ila siku utakayoona moyo wako umekubali ukatoka, nakuomba kitu kimoja tu: usinipe kiwiko.

Ndimi mdogo wako,

Njiti